Saa Moja ya Tanga, Saa Moja ya Kigoma

Asubuhi moja ya Julai mwaka huu binti yangu alinipigia simu saa kumi na mbili na robo. Nilikuwa nimeshasali, nimefungua mlango wa mbele, na mbingu ya Tanga imeshakuwa nyeupe nyuma ya minazi ya jirani. Nikadhani kuna msiba, maana simu za saa hizo mara nyingi hazina heri.

"Shikamoo mama. Usishtuke, mimi mzima," akasema. "Niko njiani naenda shule, ni mwalimu wa zamu wiki hii. Lakini mama, huku bado usiku. Namulika kwa tochi ya simu. Mbele yangu kuna watoto wa darasa la kwanza wanaenda kuwahi namba. Siwaoni. Nawasikia tu."

Yuko Kigoma. Alipangiwa kituo huko mwaka jana, kama nilivyopangiwa mimi mwaka 1987. Tulipoagana nilikaa kizingitini muda mrefu na yale maneno yake, siwaoni, nawasikia tu, kwa sababu watoto wale nawajua. Si hao wa leo, ni waliowatangulia. Niliwafanyia kosa ambalo sijapata kuliandika mpaka leo.

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua namba. Ukifika shule mapema unasimama mstarini, mnahesabiana, wa kwanza moja, wa pili mbili, mpaka kiranja afunge hesabu. Baada ya hapo kila anayeingia getini ni mchelewaji, na mchelewaji anajua kinachomngoja. Namba haiulizi umetoka wapi. Inauliza saa.

Mimi nimezaliwa Ngamiani, sehemu ile ya Tanga ambayo barabara zake zimepewa namba badala ya majina. Baba alikuwa kuli bandarini. Meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali, na robota za katani zikipelekwa kwa matishari, kwa hiyo kazi ya baba ilikuwa ya kuwahi. Hata hivyo hakuwa na saa. Nyumba yetu ilitazama mashariki, na saa ya baba ilikuwa sakafuni: mwanga ukigusa kizingiti ni kumi na mbili imepita kidogo, ukifika kwenye mguu wa kinara cha mtungi ni saa moja, ukipanda mtungi wenyewe basi mtu wa bandarini ameshachelewa. Mama alikuwa akichoma vitumbua, na wateja wake wa kwanza walikuwa wavuvi wanaorudi na samaki kwenye soko la Deep Sea. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza ni saa ngapi. Baiskeli zilianza kugonga kengele barabarani, watoto tukatoka, mji ukaamka wote kwa pamoja.

Hesabu yetu Waswahili ilikuwa na maana kamili pale. Tunaanza kuhesabu kunapokucha. Saa moja ni saa moja tangu kukuche, saa sita mchana umefika nusu, saa kumi na mbili mchana umekwisha. Tanga jua huchomoza mapema kabisa mnamo saa 11:58 mwanzoni mwa Novemba, na huchelewa kabisa Julai, mnamo saa 12:33. Mwaka mzima linacheza ndani ya nusu saa na ushei tu. Ndiyo maana nilikua nikiamini, wala hakuna aliyenifundisha hivyo, kwamba saa na jua ni kitu kimoja, kwamba ukisema saa kumi na mbili umesema mwanga.

Nilipomaliza chuo cha ualimu baba alininunulia saa ya mkono, ya kutia ufunguo. Ilikuwa saa ya kwanza kuinunua maishani mwake. Nilisafiri nayo Julai 1987, basi mpaka Dar es Salaam, kisha gari la moshi, usiku mbili njiani. Alfajiri ya mwisho, tumeshapita Uvinza, niliamka na kuitazama. Saa kumi na mbili na nusu. Nje giza tupu. Nikaitikisa, nikaiweka sikioni, inapiga vizuri. Nikaitia ufunguo, japo nilikuwa nimeshaitia kabla ya kulala. Mzee mmoja aliyepanda Tabora, aliyekuwa amekaa mkabala nami na kapu la kuku miguuni, akanitazama kwa muda.

"Saa yako nzima, mwanangu," akasema. "Jua la huku ndilo linaloamka kwa nafasi."

Nikamwitikia kwa adabu na sikumwelewa. Tulipofika kituoni Kigoma, mwisho wa reli, jua ndiyo kwanza linachungulia nyuma yetu juu ya vilima, na ziwa mbele limelala rangi ya bati. Ilikuwa saa moja na robo.

Nilipangiwa shule moja upande wa Ujiji, na nikapata chumba kwa mama mmoja Mmanyema mwenye umri wa mama yangu. Ujiji ilinipokea kama nyumbani. Njia ya misafara ya zamani kutoka Bagamoyo iliishia pale, na ilileta pwani pamoja nayo: miembe mikubwa kando ya barabara, misikiti, kanzu, baraza, Kiswahili. Nilipofungua macho asubuhi nikasikia adhana na mtu anafagia uwanja, niliweza kujidanganya niko Ngamiani, mpaka mama mwenye nyumba aanze kukaanga kwa mawese na ile harufu nzito ijae uani. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba bahari iko mbali.

Nikaanza kazi na bidii ya mtu mgeni. Nilikuwa mwalimu wa Jiografia na Hesabu, kijana, na niliyelelewa na mtu wa kuwahi. Zamu yangu ya kwanza ilikuwa wiki ya pili. Namba ikifungwa saa kumi na mbili na nusu, watoto walikuwa bado wanamiminika, mmoja mmoja, wawili wawili, wengine miguu imelowa umande mpaka magotini. Nikawapanga pembeni. Siku ya kwanza nikawaonya. Siku ya pili nikawapa jembe. Siku ya tatu nikawachapa, viboko viwili kila mmoja, mikononi. Niliwaambia maneno ambayo leo nikiyakumbuka najisikia vibaya: kwamba Tanga mtoto wa darasa la pili anafika shule kabla ya mwalimu, na kwamba wao ni wavivu. Hawakujibu. Mtoto hana hoja ya kumjibu mwalimu mwenye saa mkononi.

Wiki mbili baadaye mwalimu mwenzangu alifiwa, nikalala matangani huko ng'ambo ya mashamba ya michikichi. Nikaondoka alfajiri peke yangu ili niwahi darasa. Njia ilikuwa nyembamba, nyasi pande zote, na sikuwa na taa. Mbele nikaona mwanga mdogo chini karibu na ardhi, unayumba, unakwenda kwa hatua. Nikaukaribia. Alikuwa msichana wa darasa la tatu, mmoja wa wale niliowachapa. Alishika kopo la maziwa lililotobolewa upande mmoja, ndani yake koroboi, na mkono wa pili ameuweka mbele kuzuia upepo. Daftari zilikuwa kwenye mfuko wa sukari, ameubana kwapani.

Aliponitambua hakusema shikamoo. Alianza kukimbia. Kumwona mwalimu njiani maana yake ameshachelewa, ndivyo alivyohesabu, na kwa hesabu ile alikuwa sahihi. Hakufika mbali, alijikwaa, kopo likaanguka, koroboi ikazima na mafuta yakamwagika. Nikamkuta anapapasa nyasi akitafuta utambi.

Tulitembea pamoja gizani, nimemshika mkono. Ulikuwa unanuka mafuta ya taa. Nikamuuliza nyumbani wanajuaje kama muda umefika.

"Jogoo, mwalimu."

"Wa kwanza au wa pili?"

"Wa pili. Mama akisikia jogoo wa pili ananiamsha. Leo nilitoka kabla yake, kwa sababu ya fimbo."

Sikuwa na la kumwambia. Jogoo wa Kigoma anawika kwa jua la Kigoma. Mama yule alikuwa akimwamsha mwanawe wakati uleule wa mbingu ambao mama yangu aliniamsha mimi Ngamiani, si mapema wala si baadaye. Tofauti ilikuwa saa iliyokuwa ukutani ofisini kwetu, na saa ile haikuwa yao. Nilikuwa nimewapiga watoto kwa sababu ya mahali walipozaliwa.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu siku ileile. Alikuwa mtu mzima, mpole, na alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia ratiba haikutungwa na sisi, na kwamba nchi ni moja. Nikadhani amekataa. Lakini Jumatatu iliyofuata, mstarini, aliwatangazia walimu wa zamu kwamba mpaka Septemba iishe namba itafungwa pale mtu aliyesimama getini atakapoweza kumtambua kwa uso mtu aliyesimama mlangoni mwa ofisi. Hakutaja saa kabisa. Kwa miezi ile wachelewaji wakawa wachache sana, wale wale watatu au wanne ambao kila shule inao. Mpaka leo sijaona amri ya ofisini iliyoandikwa kwa hekima kuliko ile, na haikuandikwa.

Mimi bado nilitaka kuelewa. Nilikuwa ninafundisha kwamba dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, uzi mmoja kwa dakika 4. Nilikuwa nimeyaandika hayo ubaoni mara nyingi bila kuyaleta nyumbani. Sasa nikafungua atlasi ya shule na kupima. Tanga iko karibu nyuzi 39 mashariki, Kigoma karibu 29 na nusu. Kati yao kuna nyuzi tisa na nusu, na hizo ni dakika 38. Jua likiwa limeshachomoza Tanga, Kigoma bado lina dakika 38 za safari. Hapo nikaelewa nusu ya jambo.

Nusu ya pili ilinishangaza zaidi. Saa ya Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya Greenwich, na saa tatu ni nyuzi 45. Nikaifuata longitudo ya 45 kwa kidole kutoka juu mpaka chini. Haipiti Tanzania. Haigusi hata Mtwara. Inapita Somalia, jirani na Mogadishu, inaingia baharini na kwenda kukata Madagaska. Kwa hiyo hata sisi watu wa Tanga, tuliojiona tuko sawasawa na jua, tunaishi kwa saa iliyotangulia jua letu kwa zaidi ya dakika 20. Kigoma, saa hiyo inalitangulia jua kwa saa nzima. Saa ya haki ya Kigoma, kama jua lingepewa kura, ni ile ya saa mbili mbele ya Greenwich. Na hiyo ndiyo saa wanayotumia majirani zake wote wa ziwani: Bujumbura, Uvira, Kalemie, Mpulungu.

Nikawatoa darasa la sita nje, mwanzoni mwa Machi 1988. Tulichimbia kijiti kirefu cha mwanzi katikati ya uwanja, tukakinyoosha kwa timazi la jiwe na uzi. Wakawa wanaweka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, na kuandika saa. Saa sita kamili, saa ambayo kila kitabu husema jua liko utosini, kivuli kilikuwa bado kirefu kama kiganja na zaidi, kinaelekea ziwani. Saa sita na nusu bado kipo. Watoto wakapiga magoti kukizunguka. Ilipofika saa saba na dakika kumi hivi kivuli kikaingia chini ya kijiti na kutoweka kabisa, kwa sababu siku zile za Machi jua hupita juu ya Kigoma wima. Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo saa sita ya kweli ni sasa hivi?" Nikamwambia ndiyo. "Basi ile ya ukutani ni ya nani?"

Nilimjibu kwamba ni ya nchi nzima. Lilikuwa jibu sahihi, na bado naliamini. Reli inahitaji saa moja, redio inahitaji saa moja, mtihani wa taifa unahitaji saa moja. Lakini nililiona jinsi lilivyomfika yule kijana, na tangu siku ile sijawahi kusema neno "nchi nzima" bila kujiuliza ni kona gani ya nchi inayobeba mzigo wake.

Ramadhani ya 1989 iliangukia Aprili, mvua za masika zikiwa juu. Redio ya taifa ilikuwa ikirusha adhana ya magharibi kutoka Dar es Salaam. Siku ya kwanza tulikuwa tumekaa ukumbini na mama mwenye nyumba, sinia limefunikwa kawa, kanda la tende katikati. Adhana ikatoka redioni. Nikasema bismillahi, nikachukua tende, na mkono wake ukanishika kifundo kabla tende haijafika mdomoni. Alinishika kwa nguvu. Hakusema kitu, alinigeuza tu taratibu nitazame mlangoni. Jua lilikuwa bado liko juu ya milima ya Zaire, ndivyo Kongo ilivyoitwa wakati ule, linang'aa juu ya maji.

"Hiyo ni ya kwao," akaniambia. "Ya kwetu inakuja."

Tulikaa tukiisikiliza redio ikiendelea na mawaidha ya watu waliokwisha kufuturu, tukasubiri dakika karibu arobaini. Nilikuwa na njaa, lakini pia nilikuwa na utulivu ambao sikuutarajia. Hatukuwa tumefunga zaidi ya watu wa Tanga hata kidogo, kwa maana alfajiri yetu nayo ilikuwa imechelewa vilevile. Ibada ile haikuwahi kukubali kuongozwa na ukuta wa ofisi. Ilibaki na jua la mahali pake, na hakuna mtu Ujiji aliyeona kwamba kwa kufanya hivyo amejitenga na umma.

Ufukweni Kibirizi nilijifunza jambo hilohilo kwa njia ya biashara. Niliagiza kitenge kwa mchuuzi mmoja wa Uvira aliyekuwa akija kwa boti kila wiki, tukaahidiana saa nne asubuhi. Nilifika saa nne kasoro robo, nikasimama kwenye mchanga kati ya wanawake waliokuwa wanaanika dagaa. Saa nne ikafika, saa nne na nusu, sikumwona. Nikawa nimeshaandaa maneno. Mama mmoja wa dagaa akaniuliza namngoja nani, nikamwambia, naye akauliza jambo ambalo kila mtu wa Kigoma huliuliza bila kufikiri: "Mliahidiana saa nne ya wapi?" Yule mchuuzi alitokea saa tano, akatazama saa yake ya mkono, akanionyesha kwa furaha kwamba hajapoteza hata dakika. Mshale ulikuwa umesimama kwenye saa nne kamili ya Zaire. Tangu hapo sikuahidiana na mtu bila kutaja upande wa ziwa.

Mabaharia wa meli ya Liemba waliishi hivyo miaka yote, wakipakia Kigoma kwa saa hii na kuteremsha Mpulungu kwa saa ile. Na wavuvi wa usiku walikuwa na kalenda yao ya tatu kabisa: walikwenda na taa zao za karabai kuvua dagaa gizani, na mbalamwezi ikiwa kali walipumzika siku kadhaa, wakishona nyavu. Ukisimama Kibirizi usiku usio na mwezi unaona mji wa pili juu ya maji. Mtu aliyezoea saa tatu namna hiyo haoni ajabu kwamba mwenzake anahesabu vingine. Nadhani hapo ndipo tabia ya Kigoma ilipo. Mtu wa Tanga atakusalimu kwa kirefu, atauliza habari za huko utokako, za wazee, za watoto, na wakati wote huo anakupima kama unazijua desturi zake. Mtu wa Kigoma atakuuliza unatoka wapi na unahesabuje, kisha mnaendelea na shughuli. Naipenda miji yote miwili, na sitasema upi una adabu zaidi. Ila nilipokuwa mgeni, maswali ya Kigoma yalinisaidia kuliko upole wa Tanga ungenisaidia.

Bibi wa Kiha walionipita njiani asubuhi walikuwa wakinisalimu "mwakeye", wakipiga makofi taratibu, na maana yake ni kuuliza kama kumekucha salama. Nilipenda kwamba salamu ile inakungoja kuche kwanza.

Na jioni! Hapo Kigoma inailipa nchi deni lake la asubuhi. Februari jua huzama karibu saa moja na dakika ishirini na tatu. Shule ikishafungwa unabaki na mchana mrefu ambao Tanga hatuujui. Watu wanakwenda ziwani kuoga na kufua, vijana wanacheza mpira mpaka kiu iwaishe, soko la Mwanga linachangamka, migebuka inachomwa barabarani mwanga ukiwa bado upo. Tanga wakati huo taa zimeshawashwa, kahawa na kashata zimeshafika barazani, na wenye watoto wameshawaita ndani. Niliporudi nyumbani kwa likizo mama alinikuta nimekaa uani saa tatu usiku, akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nimekuwa mtu wa jioni. Mji ulikuwa umenibadilisha kwa jua lake tu, bila kuniambia neno.

Nilihamishwa kurudi Tanga mwaka 1994. Nikafundisha miaka mingi, nikastaafu, na katika miaka yote hiyo sikumchapa tena mtoto kwa kuchelewa kabla ya kumuuliza ametoka wapi. Nikadhani hadithi ya Kigoma imekwisha, mpaka simu ya Julai.

Binti yangu ananiambia barabara nyingi sasa zina lami, na pikipiki ni nyingi. Nilidhani hiyo ni habari njema. Yeye akasema pikipiki ndizo zinazomtia hofu, kwa sababu zinapita kasi gizani na watoto wanatembea ukingoni wakiwa na sweta za rangi nzito zisizoonekana. Enzi zangu hatari ilikuwa kujikwaa na kumwaga mafuta ya taa.

Siombi tukate nchi vipande viwili vya saa. Kongo imefanya hivyo kwa sababu ni pana mno, Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja, na watu wake wanajua gharama ya kuishi hivyo. China kwa upande wake ina saa moja kwa nchi yote, lakini huko Xinjiang, magharibi kabisa, watu wengi huendesha maisha yao ya kila siku kwa saa nyingine iliyo nyuma kwa saa mbili. Sisi hatuhitaji lolote kati ya hayo. Saa ibaki moja, ya Tanga na ya Kigoma. Kinachotakiwa kusogea ni kengele. Mwezi wa Sita hadi wa Nane, shule za Kigoma na mikoa mingine ya magharibi zinaweza kufunga namba dakika arobaini baadaye na kutoka dakika arobaini baadaye, na bado watoto wakarudi nyumbani jua likiwa juu, kwa sababu jioni yao ni ndefu. Jambo hilo halihitaji fedha. Halibadilishi muhtasari wa somo lolote. Linahitaji mtu mmoja wa ofisini aliye pwani aamke saa kumi na mbili, atazame mwanga ulioko dirishani kwake, na akumbuke kwamba dirisha lile si la nchi nzima.

Ninyi walimu wakuu mlioko huko, msisubiri waraka. Simameni getini, mtazame mlangoni mwa ofisi. Kama uso wa mtu hauonekani, bado hakujakucha.

Leo ninapoandika Julai inakwisha. Kesho jua litachomoza Tanga saa 12:33. Kigoma litachomoza saa 1:11, na namba itafungwa saa 12:30.